Kumtunza Marehemu

Nina miaka kumi na minne nauguza wodi ya magonjwa ya kifua katika hospitali moja ya Uingereza, na vikohozi nimevisikia vya kila kabila: kikavu, chenye makohozi, cha mvuta sigara anayeapa ameacha, na kile cha mgonjwa anayetaka tu muuguzi aje ambadilishie chaneli ya televisheni. Hakuna hata kimoja kilichowahi kunitia aibu kama kile nilichokitoa mwenyewe, usiku mmoja London, kwenye kiti cha pauni kumi na nne, Violetta akiwa anakata roho.

Violetta ndiye mwanamke wa La traviata, opera ya Giuseppe Verdi. Ana kifua kikuu. Kwa saa mbili na zaidi anapenda, anaacha, anadhalilishwa mbele za watu, kisha anakufa akiimba kwa mapafu ambayo, kwa uzoefu wangu wa kazi, yasingetosha kuzima kibatari. Okestra ilikuwa imeshuka mpaka zimebaki fidla chache zinanong'ona. Ukumbi mzima, watu elfu mbili na ushei, umezuia pumzi. Hapo ndipo koo langu lilipoanza kuwasha.

Unameza mate. Unakaza tumbo. Unamkumbuka Mungu. Machozi yakaanza kunitoka, na bibi wa kiti cha jirani akanitazama kwa huruma akidhani nimeguswa na msiba. Nikakumbuka nina tangawizi kavu mfukoni, niliyotumiwa na shangazi yangu kutoka Tanga, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sasa mfuko wa nailoni ukiufungua taratibu haupunguzi kelele, unazirefusha. Nilipofika fundo la pili, maana shangazi hafungi fundo moja, kikohozi kilitoka kama mtumbwi unaoparamia mwamba. Vichwa vikageuka safu kwa safu. Mwenye kifua kikuu alikuwa jukwaani, aliyekohoa nilikuwa mimi, na nakuapia Violetta alinitupia jicho la mgonjwa aliyeona mwenzake karuka foleni.

Nilijifariji kwa historia. Opera hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa La Fenice mjini Venice, tarehe 6 Machi 1853, Violetta alikuwa Fanny Salvini-Donatelli, mwanamke mwenye sauti nzuri na mwili ulioshiba. Daktari wa jukwaani alipotangaza kwamba mgonjwa kabakiwa na saa chache, watazamaji wakaangua kicheko. Verdi akawaandikia rafiki zake kuwa mambo yameharibika. Kama opera iliweza kuvuka kicheko cha ukumbi mzima, haitashindwa na kikohozi cha mtu mmoja wa Tanga.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na nilichozaliwa nacho ni taarab. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, alizijua nyimbo za vikundi vya Black Star na Lucky Star kama alivyoyajua madeni ya watu. Palipokuwa na harusi alinichukua nimshikie mkoba, na huko ndiko nilikojifunza kwamba msikilizaji naye ana kazi. Mwimbaji anatoa maneno, wewe unayapokea, na likikugusa lako unainuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, noti juu, unamtunza. Huendi kwa sababu ya uzuri wa sauti peke yake. Unakwenda kwa sababu mbaya wako kakaa meza ya tatu na wimbo umemtaja bila kumtaja. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, tarab, ile hali ya nafsi kutikiswa na muziki. Mtu aliyetikiswa halafu akakaa kimya kama gunia la chumvi, kwa shangazi, huyo hana adabu.

Opera ina adabu yake, na ni kinyume kabisa. Ukitikiswa, tulia. Ukilia, lia kwa ndani. Makofi yana wakati wake. Ukiyawahisha unageuziwa shingo, na ukipaza sauti kumsifu soprano kwa neno bravo, kuna mtu nyuma yako atakurekebisha kuwa mwanamke huambiwa brava. Misiba yangu yote imetoka hapo: nilipeleka masikio ya Ngamiani mahali panapotaka makalio ya mawe.

Opera niliipata kwa njia ya kazi, kama mtu anavyopata maambukizi. Tulikuwa na mgonjwa, mzee wa asili ya Italia, aliyeficha redio ndogo chini ya mto. Jumamosi jioni redio hurusha opera moja kwa moja kutoka jumba la Metropolitan, New York. Nikafika kumpima presha, akanyoosha kidole: ngoja, yule mwanamke anakufa. Nikakimbilia kitanda cha pili. Kumbe anayekufa ni Mimì, wa La bohème ya Puccini, naye mgonjwa wa kifua. Wiki mbili baadaye nilikuwa napanga mzunguko wa vidonge kwa kufuata vifo vya redioni. Mzee akapona, akaruhusiwa. Ugonjwa wake akaniachia mimi.

Wenzangu wa Tanga walioko huku waliposikia wakasema nimegeuka Mzungu. Nikawatajia Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, mfalme mzima wa roki, ambaye alimhusudu soprano Montserrat Caballé mpaka wakatoa albamu pamoja, Barcelona, mwaka 1988. Wakafikiri kidogo. Wakasema sawa, lakini yeye alilipwa.

Opera yangu ya kwanza kuiona kwa macho ilikuwa Aida. Niliichagua kwa undugu: Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa Misri, na opera yenyewe ilianzia Cairo, tarehe 24 Desemba 1871. Nikasema huku ni kwetu, nivae kama mtu aendaye kwao. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, koti jeusi na kofia ya viua. Nilipofika nikakuta nusu ya watu wamevaa jinzi na makoti ya mvua. Wakati wa mapumziko, mara baada ya lile gwaride kubwa la ushindi lenye tarumbeta, bibi mmoja mwenye lulu shingoni akanijia akanishika mkono kwa mikono miwili. Akanipongeza. Akasema tumeimba vizuri sana, hasa sisi makuhani.

Nilifikiria kumsahihisha. Lakini alikuwa rika la mama yangu, na kwetu mtu mzima havunjwi moyo mbele za watu. Nikainamisha kichwa nikasema ahsante. Akauliza sauti yangu naitunza vipi. Nikamwambia tangawizi. Sehemu iliyobaki niliikalia roho juu, nikihofia kwamba bibi ananitafuta kule jukwaani na hanioni.

Baada ya hapo nikahamia viti vya bei ya chini, na viti hivyo ni shule. Nilipokwenda kuitazama Tosca, tiketi ilisema wazi kuwa kiti changu kinaona sehemu tu ya jukwaa. Nikadhani wenye jumba wanajidunisha, kama mwenyeji anayekuambia karibu chakula ila hakuna kitu. Wapi. Kiti kilikuwa juu kabisa, ubavuni, nyuma ya nguzo nene kuliko mbuyu. Scarpia, yule mbaya wa hadithi, alichomwa kisu upande wangu. Mishumaa ya kumwekea maiti ikawashwa upande wa matajiri. Nusu ya mapenzi ya usiku ule nilisimuliwa na masikio.

Lakini mwisho wa Tosca ulinilipa kila senti. Mwanamke anakimbia, anapanda ukuta wa ngome ya Castel Sant'Angelo, anajirusha. Ukumbi mzima ulimwona akitoweka. Mimi na wenzangu watatu wa ubavuni ndio tuliomwona alikotokea: kwenye godoro nene, mwanamume wa fulana nyeusi akimshika mkono, mwingine akimpa chupa ya maji. Akanywa. Akarekebisha nywele. Huku okestra inaomboleza kwa nguvu zake zote, na mstari wa mbele, waliolipa mara kumi yangu, wanajifuta machozi. Mashabiki wana hadithi ya zamani ya soprano aliyewekewa kitambaa cha kudundia badala ya godoro, akaruka kufa na akachomoza tena juu ya ukuta, mara mbili tatu. Hawaafikiani ilitokea mji gani. Kwa kuwa nimeliona godoro kwa macho yangu, mimi naiamini.

Ukiipenda opera utagundua kwamba majanga si mgeni humo, ni mwenyeji. Kinyozi wa Seville ya Rossini, inayopendwa dunia nzima, usiku wake wa kwanza mjini Roma, tarehe 20 Februari 1816, ilikuwa vurugu tupu: waya wa gitaa ukakatika jukwaani, mwimbaji mmoja akajikwaa akatoka damu puani, na paka akaingia kutembea katikati ya onyesho, watazamaji wakimsaidia kulia nyau. Usiku wa pili ukumbi ulishangilia. Opera hiyohiyo, Covent Garden, Julai 2009, mwimbaji Joyce DiDonato aliteleza katika sehemu ya kwanza, mfupa wa mguu ukavunjika, na akaimba mpaka mwisho akichechemea na gongo. Maonyesho yaliyofuata aliyaimba kwenye kiti cha magurudumu. Kama muuguzi, mtu huyo ningemfokea mpaka alie. Kama shabiki, ningemshikia gongo.

Naye Pretty Yende, binti wa Afrika Kusini, Januari 2013 aliitwa Metropolitan kuziba pengo katika opera ya Le Comte Ory. Mara yake ya kwanza katika jukwaa lile, ukumbi wa watu wapatao elfu nne, akatokea, akakanyaga ngazi vibaya, akaanguka. Akainuka akaimba, na New York ikasahau kila kitu isipokuwa sauti. Miaka kumi baadaye aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles. Tangu niisome habari hiyo, nikidondosha sinia la dawa wodini nauliza tu: wangapi wameona?

Zamu zikaongezeka, nauli ya treni kwenda London ikapanda, nikahamia sinema. Metropolitan walianza kurusha maonyesho yao kwenye majumba ya sinema tarehe 30 Desemba 2006, wakifungua na Filimbi ya Ajabu ya Mozart, na leo mtu wa mji mdogo kama wetu anaweza kukaa mtaani kwake saa kumi na mbili jioni akatazama kinachotendeka New York saa saba mchana. Watazamaji wenzangu ni wastaafu wenye chupa za chai, mito ya kukalia na mikate iliyofungwa kwa karatasi. Mimi, mwenye miaka arobaini na sita, naitwa kijana.

Sinema haifichi kitu. Kule London nilikuwa mbali mno kuona uso. Hapa nayajua meno ya tenori kuliko daktari wake. Kamera inamsogelea marehemu, nami kwa mazoea ya kazi nahesabu pumzi: kumi na nane kwa dakika, mtu mzima kabisa, aruhusiwe kwenda nyumbani. Pazia likishuka, wanamhoji nyuma ya jukwaa. Mwanamke aliyekuwa analaaniwa na miungu dakika moja iliyopita sasa anatabasamu, jasho linamtiririka, anawasalimia wazazi wake.

Kuna pia suala la makofi. Wimbo ukiisha, New York wanapiga makofi. Sisi je? Ukimpigia makofi mtu aliye ng'ambo ya Atlantiki, unampigia nani? Wengi wetu tunabaki mikono mapajani, kama wageni waliofika kwenye hotuba wasiyoijua lugha yake.

Humo sinemani ndimo nilimolala vibaya kuliko pote. Nilitoka zamu ya usiku asubuhi, nikajidanganya kwamba Tristan na Isolde ya Wagner itaniamsha. Katika sehemu ya pili, wapenzi wawili hukaa gizani wakiusifu usiku na kuulaani mchana. Nikawaza kuwa hawa hawajawahi kushika zamu ya usiku hata siku moja, na wazo hilo ndilo la mwisho ninalolikumbuka. Niliamka baada ya zaidi ya nusu saa: bado usiku, bado wamekaa, bado wanausifu. Mama wa kiti cha jirani alikuwa ananigonga goti na kalamu. Akaninong'oneza kwa upole kwamba hajali nikilala, ila nakoroma nje ya mapigo.

Na humo ndimo nilimoona mtu wa kwanza kuvunja ukimya. Ilikuwa Turandot, kwenye ule wimbo wa tenori unaojulikana hata na wasiojua opera, ambao mwishoni anapandisha sauti moja ndefu kutangaza kuwa atashinda. Tenori akavuta pumzi, akafungua kinywa, na setilaiti ikakatika. Uso ukaganda ukubwa wa nyumba ya ghorofa mbili, kinywa wazi, kimya. Tukangoja. Sekunde kumi. Ishirini. Huwezi kumwacha mtu kwenye hali hiyo. Ni kama chafya isiyotoka. Mara kutoka safu ya nyuma mzee mmoja akasimama na kuimalizia mwenyewe. Sauti ilikuwa ya mtu anayeimba bafuni, na alikosea mahali pa kuanzia, lakini alifika. Tukamshangilia kwa nguvu zetu zote. Ndiyo mara pekee katika sinema ile tulipompigia makofi mtu aliyeweza kutusikia.

Baadaye nilikumbuka kwamba opera hiyo ina desturi ya kukatika. Puccini alifariki mwaka 1924 hajaimaliza, na siku ya kwanza kuonyeshwa, katika ukumbi wa La Scala, tarehe 25 Aprili 1926, Toscanini aliyeongoza okestra alisimama pale pale ambapo mtunzi alikomea, watu wakaenda nyumbani.

Halafu, Mei 2024, shangazi akaja kututembelea.

Jumamosi ya tarehe 11 sinema ilikuwa na Madama Butterfly. Mke wangu alikuwa kazini, na shangazi haachwi peke yake na jiko la umeme. Nikamwambia tunakwenda kwenye taarab ya Wazungu. Akatoka na dera jipya, buibui, mtandio wa kumeta na hotpoti la sambusa. Tulipoingia akatazama watu thelathini wamekaa mbalimbali gizani.

"Kuna msiba?"

"Hapana, shangazi. Ndivyo wanavyokaa."

"Mwenye shughuli kawakosea nini?"

Maandishi ya tafsiri chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa namnong'oneza. Nikamweleza kuwa huyu ni Pinkerton, baharia wa Marekani, kafika Nagasaki, anaoa msichana wa miaka kumi na mitano kwa mkataba ambao yeye mume anaweza kuuvunja mwezi wowote.

"Namjua," akasema shangazi.

"Unamjua?"

"Hao wote nawajua. Walikuwa wakija na kaskazi, wakiondoka na kusi."

Bwana wa safu ya mbele akageuka akatutolea ule mluzi wa meno wa kunyamazisha watu. Shangazi akadhani ameisikia harufu. Akafungua hotpoti akampa sambusa, na kwa kuwa hakuna Mwingereza anayejua kukataa kitu alichokwisha kuwekewa mkononi, akaila. Hakugeuka tena, ila baadaye mkono wake ulirudi nyuma, kiganja wazi.

Sehemu ya pili, miaka mitatu imepita. Mume hajarudi. Msichana kamwacha Mungu wake kwa ajili yake, fedha zimekwisha, mtumishi anajua ukweli na anaogopa kuusema. Asmik Grigorian, aliyekuwa anaimba, akaanza ule wimbo ambamo Butterfly anamsimulia mtumishi jinsi itakavyokuwa: moshi utaonekana kwa mbali baharini, meli itaingia bandarini, mtu mmoja atatoka mjini na kupanda kilima. Nikamsogelea shangazi nimfasirie.

"Nyamaza," akasema. "Unanipotezea."

Wimbo ukaisha. New York wakalipuka kwa makofi. Kwetu sisi, mikono mapajani. Na shangazi akainuka.

Nilijua kinachokuja kabla hakijaja, kama unavyomjua mgonjwa anayetaka kuanguka. Nikamshika dera, likaniponyoka. Alishuka ngazi za sinema kwa ule mwendo niliokuwa nikiufuata nyuma na mkoba nikiwa na miaka saba: hatua, bega, hatua, bega, mkono juu, na kwenye mkono noti ya pauni kumi. Bwana wa sambusa akasimama kumpisha, ingawa hakuwa njiani mwake, na akabaki amesimama. Shangazi akafika mbele. Mwanga ulimpata kichwani, kivuli cha mtandio kikapanda juu ya skrini. Akazungusha noti mara mbili mbele ya Butterfly, akailaza kwenye ukingo chini ya skrini, akapiga kigelegele kimoja kifupi, akarudi mwendo uleule na kukaa.

"Shangazi," nikamwambia, "yule hayupo hapa. Yuko New York."

"Wewe unanifanya mimi mjinga? Najua hayupo. Mume wangu wa kwanza naye hakuwepo, na nilikuwa namtilia chai."

Nimemjua shangazi miaka arobaini na sita. Habari ya mume wa kwanza nilikuwa siijui. Nikafungua kinywa nimuulize, akanionyesha skrini kwa kidevu.

Katika onyesho hilo mtoto wa Butterfly si mtoto, ni mwanasesere anayechezeshwa na watu watatu waliovaa nguo nyeusi. Alipotokea, shangazi alikasirika: Wazungu na fedha zao zote wameshindwa kupata mtoto wa kuazima! Baada ya dakika kumi akaninong'oneza kwa uchungu kwamba kale katoto hakajala tangu asubuhi na mama yake anaimba tu. Pinkerton aliporudi na mke wa Kimarekani kuja kumchukua mtoto, shangazi alisema neno ambalo magazeti hayalichapi. Butterfly alipokwenda nyuma ya pazia na kisu cha baba yake, alinishika mkono akaukaza, na safari hii sikuhesabu pumzi za mtu.

Taa zilipowaka, kijana mfanyakazi wa sinema akatujia na noti. Akasema mama kaidondosha. Nikamfasiria shangazi.

"Mwambie sikuidondosha. Ni ya yule mama."

Kijana akauliza mama yupi. Sikuwa na namna. Nikamwambia: aliyekufa. Akanitazama mimi, akatazama skrini, ambako marehemu alikuwa anainama na kutupa mabusu huku na huku, akasema samahani, kanuni za kazi hazimruhusu kupokea.

Kiswahili kimenipa neno moja kwa kazi zangu zote mbili. Wodini natunza, kwenye taarab watu hutunza. Kwa miaka kumi na minne nilidhani ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Shangazi alipoichukua ile noti, akaikunjua, akaisawazisha kwenye paja kama anayemlaza mtoto, sikuwa na hakika tena.

Akanitilia mfukoni. "Basi wewe ndiye utakayempelekea. Hiyo ni amana."

Kwa watu wa kwetu neno hilo si la mzaha. Kwa hiyo sasa nikienda London kwenye opera nina pauni kumi ambazo si zangu. Nimekwisha jaribu. Butterfly ninayemkuta siye yule, lakini shangazi kaniambia haidhuru, wote wameachwa na mwanamume mmoja. Nimejinyima nikanunua kiti cha chini, kando ya njia. Usiku wa kwanza, wimbo ulipoisha, niliinuka nikapiga hatua nne. Hatua ya tano ndipo nilipoelewa kuwa Wazungu si wajinga. Walijua siku moja atakuja mtu kama mimi. Kati ya msikilizaji na mwimbaji wamechimba handaki kutoka ukuta hadi ukuta, wakalijaza watu themanini wenye fidla, zumari na matari, na juu yao wakamsimamisha kondakta. Si yule wa daladala, ingawa naye kazi yake ni kupunga mkono na kuwaonyesha wengine pa kuingilia. Nikajifanya natafuta choo.

Shangazi amerudi Tanga. Akipiga simu haanzi na salamu siku hizi.

"Umempa?"

"Bado, shangazi. Kuna shimo."

"Shimo la nini?"

"La wapiga fidla. Wamekaa humo ndani, mbele ya jukwaa. Hakupitiki."

Simu ikawa kimya. Nilisikia jogoo wa Ngamiani, pikipiki, mtu anauza samaki.

"Wapiga fidla nao hutunzwa," akasema. "Anza nao."